Kupanga upya taasisi ya maafa ya taifa: anzia saa 72 za kwanza, chati ije mwisho

Taasisi ya maafa inapotangazwa kuundwa upya, swali la kwanza kwenye korido huwa ni nani atakuwa mkurugenzi, na la pili ni idara ngapi. Wiki tatu baadaye kuna chati nzuri ukutani, na mtendaji wa kata ambaye mto umehama usiku bado hajui ampigie nani. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: unaanza na tukio, unafuata nani alipaswa kufanya nini, kwa mamlaka gani na kwa fedha ipi, kisha ndipo unachora visanduku.

Mifano mingi ni ya Tanzania Bara, ambako uratibu uko chini ya Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu, na msingi wake ni Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya 2022. Zanzibar ina kamisheni yake. Hesabu zilizomo zinafaa popote.

Neno moja kabla ya kuendelea. Janga ni kile kinachoweza kudhuru: mafuriko, tetemeko, kimbunga. Maafa ni pale madhara yanapozidi uwezo wa jamii husika. Mvua iliyozidi mkoani ni janga. Ikikuta watu wanaishi bondeni na kata haina hata boti moja, ndipo inakuwa maafa. Nyaraka zinazochanganya maneno haya huishia kugombanisha ofisi, kwa sababu kila moja hudai "janga" ni lake.

Hatua ya 1: Fungua matukio matatu saa kwa saa

Chagua matatu yasiyofanana. Kwa Tanzania ungeweza kuchukua maporomoko ya tope na mawe kutoka mlima Hanang yaliyoikumba Katesh tarehe 3 Desemba 2023, ndege iliyoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, na ghorofa la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024. La kwanza linapima barabara, mitambo na makazi ya muda, la pili uokoaji majini, la tatu mji wenye msongamano na watu waliofukiwa hai. Ukame uuchambue peke yake, maana mwendo wake ni wa miezi.

Kila tukio lipewe jedwali lenye safu sita: muda, nani alijua, nani aliamua, kwa mamlaka gani, fedha ilitoka kifungu kipi, kifaa kilitoka wapi na kilitumia saa ngapi njiani. Popote palipopita zaidi ya dakika 60 kati ya "alijua" na "aliamua", paka rangi nyekundu. Ni madoa hayo mekundu yatakayokuambia muundo mpya unatakiwa kutibu nini.

Mpangilio wa mahojiano una maana. Anza na madereva, watu wa redio ya upepo, watendaji wa vijiji na wauguzi wa zamu. Wakuu waje mwisho. Ukianza na wakuu utapata hadithi iliyokwisha kunyooka, na wadogo wataikariri. Kisha linganisha maneno na kumbukumbu zisizosahau: daftari la matukio polisi, leja ya mafuta, orodha ya simu zilizopigwa, hati za kutolea mali stoo.

Utakutana na jambo linalojirudia: wa kwanza kufika si mtumishi wa taasisi. Bukoba walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na katika watu 43 waliokuwa ndani ya ndege ile, 24 walitoka hai. Muundo usiomtaja mvuvi, bodaboda na fundi mwenye katapila umeacha nje nusu ya waokoaji.

Hatua ya 2: Amua taasisi ikae wapi, na isitenganishwe na nini

Mahali pa kuiweka ni patatu: chini ya mkuu wa shughuli za serikali (waziri mkuu au rais), ndani ya wizara ya mambo ya ndani, au wakala unaojitegemea. Kipimo ni kimoja. Je, kiongozi wake akipiga simu saa nane usiku, helikopta ya jeshi na greda la wakala wa barabara vitaondoka kabla barua haijaandikwa? Wakala wenye bodi na nembo usio na uwezo huo ni mzigo tu kwa bajeti.

Marekani ina somo ambalo kila mpangaji alisome. FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, iliundwa mwaka 1979 kwa kukusanya ofisi zilizokuwa zimetawanyika. Mwaka 2003 ikaingizwa katika Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyokusanya taasisi 22 na ambayo macho yake yalikuwa kwenye ugaidi. Mkurugenzi wake akapoteza njia ya moja kwa moja kwa Rais, na kazi za maandalizi zikaanza kunyofolewa kupelekwa kwingine. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kikapiga pwani ya Ghuba ya Meksiko. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria iliyorudisha maandalizi FEMA na kumpa kiongozi wake haki ya kumshauri Rais moja kwa moja wakati wa dharura. Kwa hiyo usikubali maandalizi yaende kurugenzi moja na kukabiliana kuende wizara nyingine. Anayeandika mpango awe ndiye atakayeutekeleza usiku wa tukio. Akijua hivyo, ataandika mpango mfupi.

Kenya inaonyesha tatizo la upande mwingine. Kituo cha taifa cha operesheni za maafa kilianzishwa 1998, kitengo cha taifa cha kudhibiti maafa kikafuata 2013, na mamlaka ya ukame ikapata sheria yake 2016. Kila kimoja kilizaliwa kwa sababu ya kweli. Lakini gavana akitaka msaada wa mafuriko anahitaji mlango mmoja. Kama nchi yako ina milango mitatu, kabla ya kuunda wa nne andika kwenye karatasi moja ni upi unafungwa, tarehe ngapi, na watumishi, magari na madeni yake yanakwenda wapi.

Na taasisi isijaribu kufanya kazi za wengine. Zimamoto na Uokoaji wazime moto, Mamlaka ya Hali ya Hewa itabiri, Bohari ya Dawa itoe dawa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula utoe mahindi. Taasisi ya maafa inaunganisha, inapima na inasukuma. Ikishaanza kununua magari yake ya zimamoto, ujue imepotea.

Hatua ya 3: Tenganisha yanayohitaji sheria na yanayohitaji waraka

Sheria mpya huchukua miaka. Ya 2015 ilikuja kufutwa na hii ya 2022, na katikati mvua hazikusubiri. Chukua madoa yako mekundu uyagawe mafungu mawili. Mengi yatatibika kwa waraka, kanuni au hati ya makubaliano: nani ana zamu, namba ipi inapigwa, mitambo ya nani inaitwa na italipwaje. Bungeni peleka machache tu: kuamuru watu wahame, kuingia na kutumia mali binafsi kwa fidia, kutangaza eneo la maafa, na mfuko wa maafa.

Viwango vya kupandisha tukio ngazi viandikwe kwa namba. "Tukio kubwa" halimsaidii mtu. Andika, kwa mfano, kuwa wilaya inaita mkoa kaya zaidi ya 100 zikikosa makazi, au barabara pekee ikikatika, au watu 10 wakiwa hawajulikani walipo. Namba hizo mpange wenyewe kulingana na uwezo wa wilaya. La msingi ni kwamba likifikiwa moja, simu inapigwa bila kuomba ruhusa. Kuita mkoa kusihesabiwe kuwa ni kushindwa kazi. Hofu hiyo ndiyo huchelewesha simu kuliko mtandao mbovu.

Hatua ya 4: Kituo cha operesheni na hesabu ya watu watano

Hapa ndipo miundo mingi huongopa. Wiki ina saa 168. Mtumishi anafanya kazi saa 40. Kiti kimoja kinachokaliwa usiku na mchana kinahitaji watu 4.2 kabla hujahesabu likizo, ugonjwa na masomo. Ukivihesabu ni watano. Kituo chenye viti vitatu (taarifa, uratibu wa vyombo, mawasiliano) kinahitaji watu 15 kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Ukiona ikama ya watu sita na maneno "kituo cha saa 24", elewa kwamba usiku simu iko mfukoni mwa mtu aliyelala.

Tukio likitokea, kituo kipangwe kwa kazi tano: uongozi, operesheni, mipango na taarifa, ugavi, fedha na utawala. Mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu saba. Watano ndio wanaoshikika. Zamu isizidi saa 12, na makabidhiano yafanywe kwa maandishi, dakika 30 kabla ya kuondoka. Waziri akifika asipewe kiti cha operesheni. Mwandalie chumba cha pembeni chenye ramani na afisa mmoja wa kumpa taarifa, la sivyo maamuzi yote yatasubiri apate maelezo.

Umeme: jenereta ya kVA 20 ikibeba robo tatu ya uwezo wake hula dizeli kama lita 4 kwa saa. Saa 72 ni lita 288, kwa hiyo weka 350. Iwashwe kila mwezi nusu saa ikiwa imebebeshwa mzigo. Jenereta isiyowashwa huharibika betri kwanza, na betri ndiyo itakayokuangusha.

Fomu ya taarifa ya kwanza isizidi ukurasa mmoja: nini kimetokea, wapi, lini, walioathirika wangapi (waliohesabiwa kando, wanaokisiwa kando), njia ipi inapitika, nani yupo pale, kinahitajika nini ndani ya saa sita, taarifa inayofuata itakuja saa ngapi. Kuna mitego miwili ya kwetu ambayo miongozo ya kigeni haiijui. Wa kwanza ni saa: "saa mbili" ya mtendaji ni 0800 au 2000, na afisa aliyezoea saa ya kompyuta ataandika 0200. Kwenye maandishi tumia tarakimu nne tu, na kwenye redio lazima useme asubuhi, mchana au usiku. Wa pili ni majina: Majengo, Songambele na Mtakuja ziko kila upande wa nchi. Kila mahali pataje kijiji, kata na wilaya, hata kama kila aliyemo chumbani "anapajua".

Idadi ya waliofariki itoke kwa mdomo mmoja, kwa saa zilizopangwa. Namba mbili zikipishana hadharani, siku nzima itakwisha kwa kuzipatanisha.

Hatua ya 5: Fedha zinazotoka ndani ya saa sita

Mfuko wa maafa bila utaratibu wa kutoa ni akaunti tu. Afisa Masuuli (mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi) aandike mapema kiwango ambacho mkurugenzi wa zamu anaweza kuidhinisha kwa simu, karatasi zifuate ndani ya saa 48. Ununuzi wa dharura unaruhusiwa kisheria, lakini wenye hekima huuhitaji mara chache, kwa sababu mikataba maalumu ya bei imeshasainiwa wakati wa kiangazi: mafuta, boza za maji, malori, katapila kwa saa, maturubai, chakula cha waokoaji. Kwenye mkataba wa mitambo andika nani analipa usafiri wa kuipeleka na kuirudisha, dereva analala wapi, na mafuta ni ya nani. Mambo hayo matatu yakiachwa, mtambo utafika na kusimama.

Kikwazo kikubwa huwa ni hofu ya mkaguzi. Mwiteni mkaguzi wa ndani kwenye mazoezi, akubaliane na fomu zenu kabla. Afisa anayejua karatasi ipi itamlinda hutia saini haraka.

Hatua ya 6: Stoo, kwa hesabu na si kwa shehena

Pima kwa watu 10,000. Miongozo mingi ya kimataifa hugawa kwa kaya za watu watano, ukapata kaya 2,000. Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa Tanzania ni watu 4.3 kwa kaya, yaani kaya 2,326. Ukinunua kwa hesabu ya mwongozo, kaya 326 zitasimama kwenye foleni na kuondoka mikono mitupu, na vurugu ya siku ya pili huanzia hapo. Kila kaya ipate turubai mbili za mita 4 kwa 6, kamba, madumu mawili, ndoo yenye mfuniko, blanketi na sufuria.

Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku: lita 150,000, yaani safari 15 za boza la lita 10,000. Boza moja likiweza safari tano, unahitaji matatu na la nne la akiba, kwa sababu moja litaharibika. Klorini inayobaki kwenye maji bombani iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Unga wa klorini usikae chumba kimoja na mafuta wala dizeli, unaweza kuwaka. Na joto la stoo ya bati hupunguza nguvu zake, kwa hiyo pima kabla ya kutumia hata kama tarehe haijapita.

Chakula: nafaka gramu 400, kunde gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5 kwa mtu kwa siku. Kwa wiki moja ni tani 28 za nafaka, tani 4.2 za maharage, tani 1.75 za mafuta na kilo 350 za chumvi. Ulizeni pia mashine ya kusaga iko wapi. Mahindi mazima kwenye kambi isiyo na umeme ni mzigo.

Vyoo: tundu moja kwa watu 50 mwanzoni (matundu 200), kisha moja kwa watu 20 (matundu 500), ya wanawake yakiwa na taa na komeo la ndani.

Eneo ndilo linalosahaulika. Kambi inahitaji mita za mraba 45 kwa mtu, yaani hekta 45 kwa watu 10,000. Ndani ya jengo ni mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 7 kwa 9 linalaza watu 18. Shule yenye madarasa 14 inalaza 252. Kila kamati huandika "shule ya msingi itapokea watu elfu moja", na kila mara hiyo huwa ndoto. Tena shule ikijaa, watoto wa kijiji kizima hawasomi. Viwanja vya kambi vitafutwe leo, mwenye eneo asaini leo.

Stoo moja Dodoma haitoshi. Gawa kwa kanda ili lori lifike wilaya yoyote ndani ya saa 12 kwa barabara ya masika, maana muda wa kiangazi haukusaidii. Hesabu ya mali ifanywe kila robo mwaka na mtu asiye mtunza stoo.

Hatua ya 7: Tahadhari imfikie mtu, na imwambie afanye nini

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kazi ya taasisi ni kubandika kitendo kwenye kila ngazi. Angalizo: mratibu wa wilaya anahakiki namba za simu na mafuta. Tahadhari: mitambo inasogezwa, vivuko hatari vinawekewa walinzi. Tahadhari kubwa: watu wa mabondeni wanahama kabla ya giza. Tahadhari inayosema "wananchi wachukue hatua stahiki" haijasema kitu.

Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua mamia ya maelfu, ilianzisha mwaka 1972 mpango wa wajitoleaji wa vimbunga. Leo ni makumi ya maelfu, wenye vipaza sauti, redio na bendera, kila mmoja akijua nyumba zake. Kwetu kuna kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, redio ya jamii na balozi wa nyumba kumi. Viandikwe kwenye mpango wa kata kwa jina la mhusika na mbadala wake. Ujumbe wa simu usiachwe uwe njia pekee: mvua kubwa huanza kwa kukata umeme wa minara.

Hatua ya 8: Kuhama bila kuacha pengo

Dirisha la kubadilisha ni Juni hadi Septemba. Masika zimekwisha (kumbuka kimbunga Hidaya kilikuja Mei 2024, usiharakishe), vuli hazijaanza, na mwaka wa fedha unafunguka 1 Julai. Maana yake ikama na makadirio viwe tayari kabla ya Januari, la sivyo utakuwa na muundo mpya usio na mishahara.

Kwa siku 90 mifumo miwili iende pamoja: namba ya zamani ipokelewe kituo kipya, muhuri wa zamani ubaki halali kwa mambo yaliyotajwa. Watumishi waambiwe hatima zao kwa barua wiki ya kwanza. Wakikaa miezi mitatu bila kujua, wenye ujuzi wa redio na ugavi watahama kwanza, na hao hawapatikani kwa tangazo la kazi. Masjala ihamishwe na mtu anayejua mafaili. Hati za makubaliano zikipotea, mitambo ya hatua ya 5 imepotea nazo.

Hatua ya 9: Jaribu kabla mvua haijajaribu

Mwezi wa kwanza wa majaribio, pigia waratibu wote wa wilaya saa 0300 bila taarifa. Rekodi waliopokea ndani ya dakika 15 na namba zilizokufa. Matokeo ya kwanza huwa ya aibu; yatolewe kwa wilaya bila adhabu, kisha rudia baada ya siku 30.

Mwezi wa pili ni zoezi la mezani: la muda wa saa tatu, tukio moja, simu ya mkurugenzi imezimwa makusudi. Angalia kama kaimu anatia saini au anasubiri.

Mwezi wa tatu ni zoezi la uwanjani, la kweli: lori litoke stoo ya kanda likiwa na maturubai 200, lifike kata iliyochaguliwa kwa kura asubuhi hiyo hiyo, maturubai yagawiwe kwa orodha ya mtendaji, kisha yahesabiwe kurudi. Pima saa kwenye kila kituo kwa jedwali lile lile la safu sita la hatua ya kwanza, na paka nyekundu kama mwanzo. Chati ya muundo ichorwe baada ya hapo, ikiwa na karatasi hiyo mezani.